Dakika Zile Zile

Kiti cha Baba kilikaa sebuleni kwangu miezi saba na nailoni yake bado juu. Nilikiagiza kwa fundi wa Embu mjini mwezi ule tulipohamia nyumba mpya, nikampa vipimo mwenyewe: kiwe kirefu kwa miguu, kwa sababu magoti ya Baba hayapendi viti vya chini, na kiwe na mikono mipana ya kushikilia akitaka kuinuka. Fundi aliniuliza kama mzee ni mnene. Nikamwambia aache maneno, achonge kiti. Kilipofika nilikiweka karibu na dirisha linalotazama mlima, nikapiga marufuku mtu yeyote kukikalia. Mume wangu akawa kila akipita karibu nacho anakiamkia, "Shikamoo, mzee," kisha anaenda kuketi kwenye kochi.

Baba hakuwa ameiona nyumba hiyo. Yeye anaishi Mitunguu, kwenye shamba la ndizi nilikozaliwa, na mimi niko Embu, nilikoolewa na ninakofundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka aingie mlangoni kwangu mara moja, aketi kwenye kile kiti, anywe uji, kisha aibariki nyumba kwa mate yake kidogo jinsi wazee wetu wanavyobariki, ingawa sisi ni watu wa kanisa na pasta alikuwa amekwisha kuja kuiombea. Maombi ya pasta niliyapokea kwa shukrani. Lakini nyumba ambayo babangu hajaikanyaga niliiona kama bado si yangu, na nilikuwa na hofu ambayo sikuisema kwa sauti: Baba alikuwa anazeeka haraka kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Vizuizi vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kwamba kwetu mzee halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Anaweza kuja, akala, akapewa blanketi, akacheka na mkwe wake, lakini jua likianza kushuka anashika fimbo na kurudi kwake. Najua kuna familia zilizoacha mambo hayo. Baba hakuyaacha. Cha pili kilikuwa mguu. Mwaka uliotangulia mguu wake wa kushoto ulivimba, na kliniki wakamwambia asikae ndani ya gari zaidi ya saa moja hivi bila kushuka na kutembea, damu isije ikaganda. Sasa jumlisha wewe. Barabara ya chini, ile inayopita Ishiara na Chiakariga, ni mwendo wa saa mbili na nusu ukienda vizuri. Ya juu, ya Chuka, ina kona za kumtapisha hata dereva mwenyewe. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni saa tano garini, na mguu ule. Hesabu ilikataa kila nilipoifanya, na niliifanya kila siku.

Mimi ni mtu asiyetulia, sikatai. Mama, alipokuwa hai, alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Walimu wenzangu wakinywa chai, mimi natafuta njia kwenye simu. Nilitafuta barabara za vumbi zinazokatiza Mbeere nikidhani pengine kuna ya mkato. Nilipima muda tukisimama Ishiara nusu saa, tukisimama Chiakariga nusu saa, tukimtembeza mzee kando ya gari kama ng'ombe wa maonyesho. Kila nikiongeza mapumziko, jua lilikuwa linatua kabla hajafika kwake. Nikifika hapo nafunga simu kwa hasira. Baada ya dakika tano naifungua tena.

Siku moja, badala ya kusahihisha insha za kidato cha tatu, niliangukia ukurasa mmoja wa mtandao unaopima safari za ndege. Ukurasa huo haukujali kama ndege yenyewe ipo au haipo. Unaandika jina la kiwanja hiki na jina la kiwanja kile, popote duniani, nao unakuchorea mstari mwekundu na kukuambia kilomita na muda. Nilijaribu Nairobi na miji ya mbali ambayo sitaifikia. Halafu, sijui ni shetani gani aliyenisukuma, nikaandika Mitunguu na Embu.

Ukaleta. Kilomita sitini na kitu. Muda angani, dakika kumi na mbili. Tofauti ya saa kati ya miji hii miwili, hakuna. Chini yake safari ya kurudi ilikuwa imeandikwa peke yake, kwa heshima zote, nayo ilikuwa kilomita zile zile na dakika zile zile.

Nilisoma mara tatu. Mstari wenyewe haukupinda popote. Ulipita juu ya Mutonga na juu ya Thuci kana kwamba mito haina mabonde, ukapita juu ya mbuzi wote wa Ishiara, juu ya vituo vya polisi na matuta ya barabarani, ukatua. Dakika kumi na mbili. Darasani huwa sijamaliza kuita majina. Nilijisikia kama mtu aliyefichwa jambo kwa miaka mingi na watu waliokuwa wanalijua.

Jioni ile nilipitia kiwanja cha ndege cha Embu, nikidhani labda sijawahi kukitazama vizuri. Ni kiwanja cha nyasi. Ng'ombe wawili walikuwa wanalisha upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na watu wanaojifunza kuendesha gari, na mwanamke mmoja wa umri wangu alikuwa anarudi nyuma kati ya mapipa huku mwalimu wake akimpigia kelele. Nilisimama pale na viatu vyangu vya shule nikatazama upande wa kwetu. Mwalimu wa gari akaniuliza, "Madam, unataka kujiandikisha?" Nikamwambia nina leseni tangu yeye akiwa na kamasi. Nikaondoka. Hakuwa amenikosea lolote, maskini.

Sasa nieleze simu za Jumapili. Kila Jumapili baada ya kanisa tulimpigia Baba, simu tunaiweka mezani ikiwa na sauti ya juu ili mume wangu naye asalimie. Mume wangu ni Mwembu. Kiembu chake na Kimeru chetu ni ndugu, lakini ni ndugu wanaosikilizana nusu nusu, na Baba anaona ni utovu wa adabu kusema lugha ambayo mkwe anaisikia nusu. Nusu ile nyingine, anasema, mtu ataijaza kwa mabaya. Kwa hiyo mkwe akiwepo Baba husema Kiswahili. Alikijifunza Timau ujanani, kwenye mashamba ya ngano, alikofanya kazi na watu wa kila kabila. Ni Kiswahili cha kazi, cha kubeba gunia, ngeli zake zinakwenda zinakotaka. Mimi, kwa vile ninalipwa kuzirudisha ngeli zizini, nilikuwa na tabia mbaya ya kumsahihisha.

Jumapili hiyo nilikuwa bado nimechemka na ule ukurasa.

"Baba," nikamwambia, "nimeona kitu kwenye simu. Kutoka kiwanja cha Mitunguu mpaka hiki cha Embu, kama ndege anavyoruka, ni dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili tu."

Nilisikia kuku wake. Halafu akauliza, "Na kutoka huko kuja huku?"

"Ni zile zile, Baba."

"Zile zile?"

"Zile zile. Umbali haubadiliki."

"Hiyo ni mzuri," akasema. "Basi Jumamosi mimi nitakuwa hapo kiwanja. Ndege atafika saa ngapi?"

Mume wangu aliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, na katikati ya kicheko mwalimu akanitoka bila kuitwa. "Itafika, Baba. Ndege wa mabawa ndiye atafika. Ndege ya kubeba watu ni itafika."

"Haya, mwalimu ni wewe," akasema. Akamuuliza mume wangu habari ya mahindi, wakaongea habari ya mahindi, tukaagana. Kabla ya kuagana nilimwambia lile nililokuwa ninamwambia kila Jumapili, kwamba barabara ni mbaya, shule ina kazi nyingi, tutakuja Krismasi. Na yeye alijibu lile alilokuwa anajibu, kwamba hakuna neno.

Nitasema hapa jambo ambalo wakati huo sikuwa ninaliona, ingawa lilikuwa limesimama mbele yangu na mikono kiunoni. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kukanyaga Mitunguu. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunajenga. Wa pili nilikuwa ninangoja yeye aje kwanza. Sikukaa chini nikaamua hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ilinitia kiburi. Nilitaka aone.

Jumamosi ilifika. Mume wangu alitoka asubuhi na pikipiki kwenda Siakago kwa mambo ya shamba, akaniachia ufunguo wa nyumba. Ufunguo ulikuwa mmoja. Wa pili aliuangusha ndani ya mto Rupingazi siku aliyokuwa anaosha hiyo pikipiki, na tangu hapo kila wiki alikuwa anaahidi kuchongesha mwingine. Nilikuwa nimeinama kwenye karai la nguo saa tatu hivi wifi yangu aliponipigia. Wifi huyu ni mke wa kaka yangu, wanaishi boma moja na Baba, na akishtuka huongea lugha tatu bila kupumua.

"Wifi, kuja uone maajabu. Mzee ako huko airstrip. Tangu saa moja. Amevaa ile koti ya harusi yako, na kofia, na amebeba ndizi. Nimemuuliza anangoja nani, anasema anangoja ndege."

"Ndege gani?"

"Si nikuulize wewe! Anasema ni wewe ulimwambia. Ati dakika kumi na mbili. Nimemwambia hapa hakuna ndege, hata bwana yangu ameenda kumwambia. Amekataa. Anasema mtoto wake hawezi kumdanganya."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya nyuma na mikono ina povu. Kwanza nilicheka kidogo, kicheko cha kijinga. Halafu nikamwona Baba pale kiwanjani na koti lile, juani, na mguu ule, mbele ya watoto wa Mitunguu wote, akingojea ndege kwa sababu ya ufundi wangu wa maneno. Kama ndege anavyoruka! Nilikuwa nimesema vizuri kabisa, kisarufi hakuna aliyeweza kunishika. Nilisema anavyoruka, ndege wa mabawa, umbali wa moja kwa moja. Lakini nilisema hivyo kwa mzee ambaye kwake ndege ni ndege. Mwanafunzi akiandika kitu ambacho msomaji wake hakielewi, mimi humnyima alama, simsifu kwa sarufi.

"Mwambie arudi nyumbani," nikamwambia wifi. "Mwambie ndege imeahirishwa."

"Mwambie wewe. Simu ameacha nyumbani."

Nguo niliziacha kwenye karai. Nilifunga mlango, nikaingia garini nikiwa na kanga ya kufulia kiunoni, na nilikumbuka hivyo nikiwa nimeshapita Ena.

Ile safari sikuiendesha vizuri, Mungu anisamehe. Nilikuwa ninatazama saa ya gari kuliko barabara. Dakika kumi na mbili zilipokwisha sikuwa hata nimeuacha mji vizuri, niko nyuma ya lori la mchanga lililokuwa linapanda mlima kwa kusitasita, na nikaliambia lile lori maneno ambayo sitayaandika. Dakika kumi na mbili za pili zilinikuta kwenye mteremko, joto likianza kuingia dirishani, kwa sababu ukitoka Embu kwenda chini huko ni kama unashuka jikoni. Nikawa ninahesabu hivyo, kumi na mbili kumi na mbili. Hapa angekuwa amefika na kurudi. Hapa angekuwa amefika, amekunywa uji, amerudi. Ishiara nilisimamishwa na polisi. Afisa alinitazama, akaitazama ile kanga, akauliza kwa upole kama kuna msiba.

"Hakuna," nikamwambia. "Ni baba yangu, anangoja ndege."

Akanirudishia leseni bila swali lingine.

Baada ya Thuci mbuzi walijaza barabara na mwenye mbuzi hakuwa na haraka. Nilipiga honi mpaka akaja dirishani. "Mama, hata ukipiga, mbuzi haijui honi," akaniambia. Nilizima gari, nikakaa. Ndipo nilipoanza kulia, katikati ya mbuzi, si kwa sababu ya mbuzi. Nililia kwa sababu niliona kwamba barabara haikuwa mbaya. Nilikuwa nimemwambia Baba miaka miwili kwamba barabara ni mbaya, na hii hapa, lami tupu, mashimo mawili matatu, mtu anapita na gari dogo la mwalimu akiwa amevaa kanga. Mguu uliovimba ulikuwa wake, si wangu. Mila ilimkataza yeye kulala kwangu. Hakuna mila yoyote, ya Meru wala ya Embu, iliyonikataza mimi kulala kwake.

Mbuzi walikwisha. Nikavuka Mutonga, nikapita Chiakariga bila kusimama.

Kiwanja cha Mitunguu ni nyasi, vumbi na ng'ombe wachache, na kando yake kuna mti mmoja wa kivuli chembamba. Baba alikuwa ameketi chini ya mti huo juu ya gunia lililokunjwa, amenyoosha mguu mbovu mbele yake, na kofia ameiweka juu ya goti. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Kando yake palikuwa na chane mbili za ndizi zilizoanza kuiva. Alikuwa peke yake. Kaka yangu alikuwa amechoka kumbembeleza akarudi kwenye mifereji yake ya maji, na watoto nao walikuwa wameshakinai. Ilikuwa saa sita kasoro kidogo.

Niliegesha, nikashuka mbio, nikapiga magoti mbele yake nikianza kuomba msamaha kabla hata sijasalimia. Nilisema ukurasa ule ni wa uongo, nilisema nilikuwa ninatania, nilisema sikujua kama ataelewa hivyo, maneno yakikanyagana. Yeye alinitazama mpaka nikaishiwa.

"Mwari," akasema, ndivyo anavyoniita, binti, "umetumia dakika ngapi?"

"Saa tatu karibu, Baba."

"Si ulisema ni zile zile?"

Akachukua ndizi moja, akaimenya polepole, akanipa. Nikaila. Ndipo alipohamia Kiswahili, lugha ambayo hajawahi kusema nami tukiwa wawili tu, na nikajua amejitayarisha.

"Mimi nimefanya kazi Timau," akasema. "Nimeona ndege ikinyunyizia ngano dawa, ikitua, ikipanda. Najua ndege inatua wapi na inatua namna gani. Hapa nimeketi tangu asubuhi, hapa kuna ng'ombe. Unafikiri mimi sioni ng'ombe?"

"Sasa ulikuwa unangoja nini, Baba?"

"Hiyo Jumapili nilikuuliza ndege atafika saa ngapi. Wewe ukanisahihisha mbele ya mkwe wangu. Ukasema, itafika. Mimi nikanyamaza. Lakini sikukosea." Alinyoosha kidole, si kwa hasira, kama mtu anayeonyesha mstari ubaoni. "Nilisema atafika. Nilikuwa nauliza habari ya mtu."

Nimefundisha ngeli ya A-WA miaka kumi na tisa. Watu, wanyama, ndege wa mabawa. Nimeichora ubaoni, nimeitungia nyimbo, nimewapiga wengine faini ya kuokota karatasi uwanjani kwa kuikosea. Sikuwahi kuisikia kama nilivyoisikia pale kwenye vumbi. Nilijifunika uso kwa ile kanga ya kufulia, iliyokuwa bado na sabuni, nikalia macho yakaniwasha mara mbili.

Wifi yangu mpaka leo anashikilia kwamba mzee alikuwa anangoja ndege ya kweli kabisa, na kwamba ile hotuba aliitunga pale chini ya mti baada ya kuona ng'ombe hawaondoki. Inawezekana. Baba ni mjanja wa kutosha kwa yote mawili. Nilimuuliza mara moja tu, akaniambia kuuliza si ujinga lakini kuuliza mara mbili ni ujinga, na hiyo ya pili ni methali yake mwenyewe.

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi, nami sikuwa nimejitayarisha kwa wepesi ule. Mkono niliokuwa ninaushikilia nikitembea kwenda kununua daftari la kwanza ulikuwa umebaki mifupa na ngozi safi. Tulitembea taratibu hadi garini, na njiani nikamweleza habari za kiti, kwa sababu kiti kilikuwa bado kimenikaa rohoni. Nikamweleza urefu wa miguu yake, mikono yake mipana, dirisha, mlima. Nikasema kimemngoja miezi saba.

"Hicho kiti kina miguu mingapi?" akauliza.

"Minne."

"Na mizima?"

"Mizima, Baba."

"Mimi nina miwili, na mmoja mbovu. Sasa nani atembee?"

Nyumbani wifi alitupokea kwa kelele na uji wa wimbi. Baba alivua koti, akalikunja, akaketi kwenye kigoda chake cha zamani ambacho ni kifupi mno kwa magoti yake. Niliona jinsi alivyoshuka kwa uchungu na jinsi wifi alivyompa bega bila kuambiwa, kama kitu cha kila siku, na wivu ukanichoma. Baada ya uji akanyoosha kiganja.

"Lete ufunguo wa hiyo nyumba."

Nilimpa. Aliugeuza, akayatazama meno yake, akaupima uzito. Nilisogea mbele na kuinamisha kichwa nikidhani ataubariki papo hapo. Lakini aliufunga kwenye kitambaa chake cha mfukoni, akautia mfukoni.

"Mtu habariki akiwa ameshiba," akasema. "Baraka ni asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni. Kesho."

"Baba, kesho? Mimi sikuja na nguo. Nguo zenyewe nimeziacha kwenye maji."

"Kitanda chako kiko," akasema, akamwita mjukuu alete fimbo waende kuangalia ndizi.

Nilikwenda nao. Tulizunguka shamba lote, yeye mbele, akinionyesha mahali maji ya mfereji yanapofika na mahali ambapo kaka yangu amekosea. Alitembea na kusimama, akatembea na kusimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuitoa simu kuangalia saa, na siyo kwamba nilikuwa nimetulia, maana mimi sitatulia mpaka nizikwe. Nilikuwa ninahesabu kitu kingine. Jumamosi mbili kwa mwezi, nikitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu niko hapa. Na kile kiti, nikilaza viti vya nyuma, kinaingia garini.

Jua lilikuwa linashuka mume wangu alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na aliyesimama mahali.

"Uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani gani? Mimi ndio niko nyumbani, nimebisha mpaka mkono unauma."

"Niko kwa Baba," nikasema. "Nitalala huku."

Halafu akauliza, "Na ufunguo?"

Nilitazama upande wa pili wa ua. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anasikiliza kila neno na kujifanya haelewi, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati.

"Ufunguo ako na Baba," nikasema, na nilisikia kosa langu la ngeli likitoka na sikulirudisha.

"Sasa mimi nilale wapi?"

Mama yake anakaa ng'ambo ya Rupingazi, kilima cha pili kutoka kwetu, na najua hakuwa amelala huko tangu tuoane.

"Nenda ulale kwa mama yako," nikamwambia. "Ni karibu."